Salamu kwa Watu wa Chini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Mwaka jana niliapa nitaandika msimu mzima, nikaishia kununua daftari na kulivika jalada. Safari hii nimejikaza kisabuni.

Leo asubuhi nilivaa mabuti ya mpira nikashuka darajani kusoma ubao. Ubao umesimama ndani ya maji, una namba za rangi; unatazama maji yalipofika, unaandika, basi. Kisha ninapanda ofisini, ninaingiza kipimo kwenye jedwali, Mkuu wa ofisi anatia sahihi yake, nami ninalituma kwa barua pepe kwa watu wa chini. Watu wa chini ndio jina letu kwa wote wanaoishi mto unakoelekea: zahanati, shule, wachimba mchanga, wakulima wa bondeni, na mdogo wangu mwenye kitalu cha miche. Maji ninayoyaona darajani asubuhi huwafikia wao mchana. Kwa hiyo kazi yangu yote, ukiikamua, ni hii: barua iwahi kuliko maji.

Kwa nini barua na si simu? Muulize Mkuu. Zamani tulikuwa tunapiga. Siku moja mchimba mchanga akadai aliambiwa mto umeshuka, aliyempigia akadai alimwambia umepanda, wakafikishana mpaka kwa wakubwa. Tangu hapo Mkuu ana wimbo mmoja: "Simu haina ushahidi. Maandishi!"

Mimi huongeza salamu juu ya jedwali, maana namba tupu zinachosha. Leo nimeandika: "Hamjambo watu wa chini! Huku juu tumeamka, na mto nao umeamka, ila bado unapiga miayo." Mdogo wangu akajibu kwa kicheko kilichojaza mstari.

Jumatano, 5 Machi

Manyunyu. Mto uko vilevile. Mkuu ana mafua na anataka kila mtu ajue.

Jumatatu, 10 Machi

Kuna ugonjwa mpya ofisini. Wiki iliyopita fundi wa kompyuta alituwekea kinga mpya ya virusi. Huyu fundi nimempa jina la Fundi Kesho, kwa sababu hata ukimwambia ofisi inaungua atakujibu, "Kesho nakuja." Kinga yenyewe ina bidii kupita kiasi. Kila barua yenye kiambatisho, iingie au itoke, inaishika, inaigeuzageuza, inaandika "Inachunguza, subiri," na kale kaduara kanazunguka mpaka unasikia kizunguzungu. Leo niliituma barua asubuhi kweupe, ikaondoka wakati wa chakula cha mchana. Ninajiuliza inatafuta nini humo. Ni jedwali la maji!

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa usiku. Mto umepanda kwa kasi. Barua imekwama tena kwenye uchunguzi.

Wachimba mchanga wamepoteza mabeleshi yao na rundo la mchanga wa wiki nzima. Msimamizi wao alikuja mwenyewe, suruali imeloa hadi magotini, akasimama mbele ya meza yangu. Hakufoka. Alisema tu, "Mama, barua yako tumeisoma tukiwa tumeshapanda ukingoni." Afadhali angefoka.

Jioni mdogo wangu akapiga simu akicheka. "Dada, kipimo chako kimenikuta maji yako miguuni. Kesho nitumie cha jana, labda kitawahi!" Nilicheka naye, lakini nilikuwa naungua ndani. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kuchelewa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Fundi Kesho. Akasema alichokisema.

Jumanne, 18 Machi

Fundi hakuja kesho, wala kesho kutwa, wala kesho ya pili yake. Leo mto ulikuwa unapanda tena na kaduara kanazunguka. Nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio ya ile kinga. Si kazi ngumu. Kuna mahali pameandikwa "Uchunguzi wa barua pepe", pembeni kuna kitufe cha kuzima. Nilipokibonyeza ikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao, tena ninao sana.

Barua ikaondoka hapo hapo. Kabla sijamaliza kuvua mabuti, nesi wa zahanati alikuwa ameshajibu, "Imefika, asante." Nilipiga meza kwa furaha mpaka Mkuu akachungulia.

Ijumaa, 21 Machi

Kwenye kikao Mkuu amenisifu mbele ya wote kwa "kurejesha kasi ya huduma". Hakuuliza nimeirejeshaje, nami sikuona haja ya kumweleza.

Jumapili, 23 Machi

Nimeshinda kwa mdogo wangu kitaluni. Msimu huu amejipita mwenyewe. Miche ya michungwa, miparachichi na miembe imepangwa chini ya kivuli cha neti, kila mmoja umeunganishwa kwa mkono wake, umefungwa utepe mweupe pale jeraha linapopona. Kunasikika matone tu kwenye neti na yeye akiizungumzia miche kama wanafunzi wake: huyu mvivu, huyu ana haraka, huyu amenisumbua lakini atakuja kuwa mtu. Wanunuzi wanakuja mwisho wa mvua. Akiuza yote atahamisha kitalu, akipeleke kiwanja cha juu, mbali na mto. Ameota jambo hilo tangu mumewe alipofariki.

Akanionyesha kompyuta yake, ile aliyoinunua kwa mkono wa pili na kujifunza mwenyewe kwa ukaidi. Ndani ana picha ya kila mti mama aliochukua vikonyo vya kuunganishia miche, umetoka shamba gani, umezaaje mwaka gani, nani ameagiza nini. "Hii ndiyo akili yangu, dada," akasema, "ile ya kichwani inavuja." Nilimtania kwamba yangu ilivuja zamani, sasa nabaki na mabuti.

Wakati wa kuagana aliwaambia wasaidizi wake, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye anayetutumia salamu za mto." Nilijifanya sikusikia, lakini nilitembea kichwa juu mpaka nyumbani.

Alhamisi, 27 Machi

Barua imeingia kutoka bohari ya vifaa vyetu: "Kuhusu kipimo cha juzi." Kiambatisho hakikufunguka vizuri, kikaniomba ruhusa ya kuonyesha yaliyomo, nikairuhusu, nikaona ukurasa mtupu. Bohari nao siku hizi hawajui hata kutuma barua. Mvua ya wastani.

Ijumaa, 28 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

Saa nne asubuhi nesi alipiga simu. "Shoga, leo umetutumia barua mbili. Ya pili inasema kipimo kimerekebishwa, nikijaribu kuifungua kompyuta inakataa. Nifanyeje?" Nilimwambia sijatuma barua ya pili. Akanisomea: "Hamjambo watu wa chini! Huku juu tumeamka, na mto nao umeamka, ila bado unapiga miayo. Tafadhali fungueni kipimo kilichorekebishwa."

Ni maneno yangu. Ni salamu yangu ya siku ya kwanza ya mvua, imechukuliwa kutoka kwenye barua zangu na kurudishwa kwa watu walewale. Nikatazama kwenye sanduku la zilizotumwa. Zilikuwepo, kwa kila mtu wa chini, na nyingine zilikuwa zinaondoka mbele ya macho yangu bila mimi kugusa kitu.

Nikamwambia nesi, "Usiiguse. Izime hiyo kompyuta, kisha umwite fundi wenu." Nikang'oa waya wa intaneti ukutani kama ninayezima moto.

Fundi Kesho, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuja leo leo. Alikaa kwenye kiti changu bila utani, akafungua mipangilio ya kinga, akaona. "Nani alizima uchunguzi wa barua?"

"Mimi."

"Ile ya bohari ingekamatwa mlangoni," akasema. "Na hizi zinazotoka nazo zingekamatwa. Ndiyo maana inachunguza huku na huku, mama. Siyo kwa ajili yako peke yako. Ni kwa ajili ya hao unaowaandikia."

Nilimjibu kwa ukali kwamba nilimwita akasema kesho. Akainamisha kichwa, akakubali. "Hilo ni langu. Lakini sasa wapigie watu wote, mmoja mmoja, kabla hawajafungua."

Mkuu alikuwa mlangoni. Akafunga mlango kwanza, ndipo akasema. "Hakuna kumpigia mtu. Tukitangaza, tutaonekana wazembe mpaka kwa wakubwa. Fundi asafishe, abadilishe nywila, Jumatatu tunaendelea. Wengi wao wala hawataifungua."

Fundi alinitazama mimi, si yeye. Nami nikatazama mabuti yangu.

Nataka niandike ukweli hapa angalau. Nilipomsikia Mkuu, jambo la kwanza lililonijia halikuwa hasira. Lilikuwa nafuu. Nilishukuru kuamriwa ninyamaze. Niliona kwamba nikimpigia mdogo wangu itabidi nimwambie nilizima kitu kwa mkono wangu ili nisifiwe kwa kuwahi. Nikajiambia leo ni Ijumaa, atakuwa kwenye miche, hafungui kompyuta mwisho wa wiki.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Nimefua nguo ambazo hazitakauka. Nimeishika simu, nikaiweka. Nimeishika tena.

Jumapili, 30 Machi

Sikwenda kitaluni. Nilimtumia ujumbe kwamba nina mafua. Akanijibu nichemshe maji nijifukize, nilale, nisijifanye shujaa.

Jumatatu, 31 Machi

Amepiga asubuhi, sauti ameishusha kama mtu aliye chumba cha mgonjwa. "Dada, kompyuta yangu imekuwaje? Picha hazifunguki. Kila kitu kimegeuka jina. Katikati kuna maandishi mekundu ya lugha nisiyoijua, nahisi wanataka walipwe."

Nikamuuliza alifungua nini, ingawa nilijua.

"Barua yako tu. Jana. Nilisema wewe unaumwa, kumbe Ijumaa ulijikaza ukatutumia kipimo mara mbili, nikakuonea huruma. Tena ulikuwa umerudia ile salamu ya miayo."

Nikamwambia ile haikuwa barua yangu, ni kirusi kilichoingia ofisini kwetu. Halafu akaniuliza, taratibu, "Mlijua lini kwamba kuna kirusi?"

Nikasema, "Leo."

Neno lenyewe ni dogo sana. Lilitoka kabla sijalipima.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeandika barua kwa watu wa chini wote bila kumwomba Mkuu ruhusa: wasifungue ile ya pili, waliofungua wazime kompyuta, kosa limetoka kwetu. Sikuweka salamu. Kisha nikampigia kila mmoja. Wengine walikuwa wameifuta bila kuisoma, msimamizi wa mchanga hata hajui nywila yake. Shuleni ilikuwa imeingia, lakini wao wana nakala za kazi zao kwenye diski kabatini.

Mkuu amenifokea mpaka akakohoa. Nilimsikiliza nikashangaa jinsi nilivyokuwa nikimwogopa Ijumaa. Ni mtu mwoga tu mwenye mhuri. Lakini basi, mimi ni nani? Yeye aliogopa wakubwa, mimi nilimwogopa mdogo wangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi Kesho amekwenda kitaluni kwa hiari yake, kwa miguu, kwenye matope. Amerudi akitikisa kichwa. Hakuna kinachookoka mle. Mdogo wangu hakuwa na nakala popote. Ametoa kalamu na karatasi, anajaribu kukumbuka miti mama kwa kichwa, shamba kwa shamba. Fundi amesema, "Anakuulizia. Anasema asikuone ukijilaumu, hakuna aliyekituma kirusi kwa makusudi."

Sijui kama aliyasema hayo ili anifariji au anichome.

Jumatano, 9 Aprili

Amejua.

Alikuja ofisini mchana, mvua ikinyesha, hakukunja mwavuli, akasimama mlangoni, mwavuli ukichuruzika sakafuni. Nikainuka kumpa kiti. Hakukaa.

"Nimekwenda zahanati kupimwa presha," akasema. "Nesi kanipa pole ya kompyuta. Akasema yeye alipona kwa sababu ulimwambia mapema. Nikamuuliza lini. Akasema Ijumaa."

Mkuu alianza kusafisha koo. Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, na akanyamaza.

"Nesi ndiye aliyenipigia," nikasema. "Mimi sikumpigia mtu."

"Sikuulizi nani alimpigia nani. Ijumaa ulijua. Jumamosi ulijua. Jumapili ulinidanganya una mafua, nikakaa nakuhurumia, na kwa huruma hiyo nikafungua barua yako. Jumatatu nikakuuliza kwa mdomo wangu."

"Niliona aibu," nikasema. "Ni mimi niliyezima kinga. Nilitaka barua ziwahi."

Aliniangalia kwa muda. Sikuona hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Ilikuwa kama ananipima kama anavyopima mche ulionunuliwa kwa mtu mwingine. "Ungeniambia umezima, ningecheka," akasema. "Mimi si Mkuu wako."

Akaondoka. Maji ya mwavuli yamebaki sakafuni mpaka nilipoyapangusa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia mara mbili. Hakupokea.

Jumatatu, 14 Aprili

Uchunguzi wa barua umewashwa. Fundi ameupanga upya, haukawii tena kama mwanzo. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Nusu saa! Ningemfuata kwake ile wiki, nikamshika mkono nikamleta. Barua zinaondoka safi. Mdogo wangu hajibu, lakini sasa hata salamu sina, kwa hiyo hakuna la kujibiwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua haikati. Mto umefika namba ambazo mwaka jana hazikulowa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimepita njia ya juu ya kitalu, sikushuka. Nilimwona kwa mbali, ameinama kwenye tepe zake. Sina uso wa kumwita.

Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi ubao ulikuwa karibu kuzama. Maji ya rangi ya udongo, magogo yanapita yakigonga nguzo. Nilipanda mbio, nikaandika kipimo kwa mikono iliyolowa, na juu yake kwa herufi kubwa: HAMENI UKINGONI SASA. Kabla ya saa mbili ilikuwa imeondoka, imechunguzwa, safi. Nesi akajibu. Shule ikajibu, wameruhusu watoto. Msimamizi wa mchanga akajibu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wakulima wakajibu.

Mdogo wangu hakujibu. Nikasema hajibu siku hizi.

Nikaitoa simu, nikatafuta jina lake. Nikaifikiria ile sauti ya kuita bila kupokelewa, mara ya tatu. Nikasema: barua imekwenda, ataiona, na akiona ni mimi napiga atadhani natumia mto kumlazimisha kuongea nami. Nikairudisha simu mfukoni. Nikatuma barua tena, ileile.

Saa nane msimamizi wa mchanga ndiye aliyepiga. Kitalu kimekwenda. Mdogo wangu walimkuta ameshikilia nguzo ya neti, maji kifuani, mche mmoja mkubwa ameukumbatia kwa mkono mwingine. Walimfungia kamba wakamvuta. Yuko zahanati, yuko hai, mguu umepasuka kwenye bati.

Mvua imepungua. Nasikia matone ya mwisho kwenye bomba la paani. Sijui niandike nini zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimekwenda zahanati. Nesi amenizuia mlangoni kwa upole. "Amelala, shoga." Hakuwa amelala, nilimsikia akizungumza.

Alhamisi, 24 Aprili

Mkuu amechapisha barua yangu ya Jumanne, yenye saa na tarehe, ameiweka kwenye faili. "Umefanya kazi yako," akanipigapiga bega. "Ilitumwa mapema, mara mbili. Tuna ushahidi. Hakuna atakayetugusa."

Ni kweli. Kwa maandishi sina kosa hata moja. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia kama mtoto, na fundi aliyekuwa anapita akasimama karibu bila kusema kesho wala leo.

Jumapili, 27 Aprili

Ametoka zahanati, nimemkuta nyumbani, mguu umefungwa, ameuweka juu ya kigoda. Dirisha lake linatazama kitalu. Hakuna kitalu. Kuna tope lililolala sawasawa, neti imejisokota kwenye mti, na huku na huku utepe mweupe umejitokeza. Wasaidizi wake walikuwa wanachokoa kwa majembe, hawatazamani.

Akaniambia nikae. Nikakaa.

"Sikuipata barua yako," akasema yeye. "Fundi wa mtaani aliponitengenezea kompyuta alizuia kila kitu kinachotoka ofisini kwenu. Alisema usalama kwanza. Zinaangukia huko kwenye barua taka. Nilijua, nikamwachia."

"Sikujua," nikasema.

"Ungejuaje."

Nje mmoja wa wasaidizi akainua mche, akautikisa tope, akauona umevunjika, akautupa. Nikamwomba mdogo wangu msamaha. Nilitaja yote, kwa majina yake: kuzima kinga, kunyamaza Ijumaa, mafua, lile neno "leo". Alinisikiliza akitazama dirishani.

"Nimekusikia," akasema. Si kwamba amesamehe. Amesikia. Kisha akaniomba nimsogezee maji ya kunywa, nikamsogezea.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwambia Mkuu kwamba kuanzia leo nikishatuma barua nitawapigia simu pia, wote, kila asubuhi. Akasema simu haina ushahidi. Nikamwambia anao wa kumtosha kwenye faili.

Mdogo wangu nimempigia mwisho, baada ya wengine wote. Amepokea. Nikamsomea kipimo. "Nimesikia," akasema, akakata.

Jumanne, 6 Mei

Kipimo kimeshuka. "Nimesikia."

Jumatano, 14 Mei

Manyunyu. "Nimesikia." Nesi ananiambia wanunuzi walikuja, wakaona tope, wakageuza. Kiwanja cha juu kimechukuliwa na mtu mwingine. Mdogo wangu anachechemea bado. Ameanza kupanda mbegu kwenye mikebe, uani, mahali padogo. Itakuwa miaka kabla hazijawa miche ya kuunganisha.

Alhamisi, 22 Mei

Kavu. Mkuu ametangaza msimu umefungwa. Hakuna vipimo mpaka mvua ijayo. Fundi amekuja kunionyesha jinsi ya kuweka nakala za kila kitu. Nilimwomba aende pia kwa mdogo wangu. Akasema, "Kesho." Kisha akajicheka, akachukua begi lake, akaenda.

Jumamosi, 24 Mei

Leo asubuhi nilishuka darajani kwa mazoea tu, viatu vya kawaida. Mto umelala chini kabisa, mawe yameonekana. Nikasimama pale nikampigia.

"Ndiyo, dada," akasema. "Kipimo?"

"Leo sina kipimo. Msimu umefungwa."

Nikasikia maji yakimwagika kwenye mikebe, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa umepigia nini?"

"Nimepiga tu."

Aliacha kumwagilia.

"Siku ile ya mafuriko," akasema, "ndiyo ungepiga tu."

Hakukata. Nami nilisimama na simu sikioni mpaka aliporudi kumwagilia mikebe yake.